Ada ya Maegesho ni Changu Wawili

Kwetu Iringa, Juni ni mwezi wa masweta mawili. Ukungu unakaa juu ya jiwe la Gangilonga hata jua likiwa limeshapanda, maji ya bomba yanauma meno, na mtoto ukimwambia aende kuoga anakutazama kama umemtukana. Kwa hiyo shule zilipofungwa tulipakia watoto watatu, gunia la viazi na debe la maharage kwenye gari, tukaanza kuteremka. Ni karibu kilomita 500 mpaka Dar es Salaam. Tulipita Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa kando ya barabara kama askari wa gwaride. Tukapita Mikumi, ambako twiga alivuka lami taratibu kama mwenye nyumba anayekwenda kufunga dirisha. Morogoro, Chalinze, Kibaha. Kila mji na sweta lake la kuvua. Tulipoingia Kimara kwa shangazi yangu, usiku umeshakolea, kitinda mimba wetu wa miaka mitano alikuwa amebakiwa na fulana na soksi moja.

Asubuhi tulimkuta shangazi uani amejifunika khanga mbili, mikono kwapani. "Baridi ya mwaka huu, mwanangu, itatumaliza," akasema. Sisi wageni tulikuwa tunajipepea kwa vifuniko vya sufuria. Alituandalia chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, vitumbua vilivyotoka motoni wakati huohuo, na mihogo iliyopikwa kwa tui zito la nazi. Tulikula chini ya mwembe, kuku wakizunguka miguuni, paka wake mnene wa rangi ya kahawia akijifanya hatuoni. Katikati ya ua lilisimama gari letu, limeng'aa. Baba watoto alikuwa ameamka alfajiri kuliosha.

"Mkwe wangu, unaliosha ulipeleke wapi?" shangazi akauliza.

"Mjini, shangazi. Tunawatembeza watoto."

Shangazi alicheka mpaka khanga moja ikamdondoka.

Nilijua anacheka nini, maana yaliyotupata safari iliyopita nilimsimulia mwenyewe. Miaka miwili nyuma tuliingia katikati ya mji na gari, tukapita Samora, Mkwepu, Zanaki, Jamhuri, Indira Gandhi, tukarudi Samora. Kila nafasi niliyoiona mimi, mwenzetu mwingine alikuwa ameiona sekunde tatu kabla. Mwisho akatokea kijana anapiga mluzi na kupunga kitambaa: "Njoo, njoo, njoo, kata yote, nyoosha, hapohapo bosi!" Tukapaki, tukamshukuru, tukampa na cha soda. Tuliporudi gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa chuma na kijana ameyeyuka. Mchana wote ulikwenda kwenye kutafuta wa kulifungua. Watoto walirudi Iringa na kumbukumbu moja ya Dar es Salaam: mgongo wa kiti cha mbele. Bahari waliiona kupitia kioo, kwa dakika moja, tukiwa tunatafuta pa kugeuzia.

"Dar gari ni la kwendea harusini na msibani," shangazi akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Mjini nenda na miguu, yenyewe itakutafutia usafiri. Liacheni hapahapa. Ada yangu ya maegesho ni changu wawili wa kukaanga, wa Feri. Wasiwe wadogo. Na mlinzi huyo." Akamnyooshea kidole paka.

Baba watoto aliweka funguo mfukoni kwa uso wa mtu aliyeambiwa amwache mtoto wake wa kwanza kwa jirani. Ndivyo siku ilivyoanza.

Najua si kila mtu ana shangazi Kimara. Mgeni anayeteremka na Barabara ya Morogoro anaweza kuuliza nyumba ya wageni yenye ua na mlinzi, akakubaliana bei kabla ya kuzima injini, akaingia mjini mikono mitupu. Anayelazimika kufika katikati na gari atakuta majengo yenye maegesho ya kulipia, na akipaki barabarani akumbuke kwamba ada ya pale hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa kwenye mfumo, haihitaji kumtilia mtu noti mkononi. Na watu wa Dodoma na Morogoro siku hizi wana raha yao: tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawashusha Dar wakiwa wamenyooka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Sisi wa nyanda za juu bado tunateremka na gari. Basi, gari liishie Kimara.

Kutoka kwa shangazi mpaka kituo cha mwendokasi ni mwendo wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma. Jina rasmi la usafiri huu ni Mabasi Yaendayo Haraka, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitamka bila kusoma ubao. Kwa wenyeji ni mwendokasi, na ulianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye njia ya kilomita zipatazo 21, toka Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na matawi yake ya Gerezani pale Kariakoo na ya Morocco. Nauli ya mtu mzima toka Kimara mpaka baharini haikufika shilingi 1,000. Nilipiga hesabu ya mafuta ya siku ile ya Samora, nikanyamaza kwa heshima ya ndoa.

Kituoni pana adabu zake, nasi tulizijifunza haraka. Huingii kwa kusema "samahani", unaingia kwa bega. Mlango wa basi ukifunguka, kundi zima linapumua kwa pamoja na kusogea, na ukiwa katikati miguu yako inakuwa kama ya kuazima. Nilimshika kitinda mimba mkono, nikasikia sauti ya kiume nyuma yangu: "Jamani, mtoto! Mpisheni mama ana mtoto!" Na mlango ule uliokuwa ukuta wa migongo ukapasuka. Tulipoingia kijana wa shati la ofisini akainuka bila kuambiwa, akaniashiria kiti, akaendelea na simu yake. Hakungoja shukrani. Ndiyo desturi ya mwendokasi: watakusukuma mpaka mlangoni, na ndani watakupa kiti.

Basi ni refu, lina kiungo katikati kinachopinda kwenye kona kama kinanda cha kuvuta. Watoto walikimbilia hapohapo, kwenye duara linalozunguka sakafuni, wakawa wanapinda na basi. Mimi nilibaki na dirisha. Barabara ya mwendokasi inapita katikati ya Barabara ya Morogoro, peke yake, na kushoto na kulia kwetu magari yalikuwa yamebanana kama dagaa kwenye fungu. Mwanamume mmoja ndani ya gari jeupe alikuwa ameegemeza shavu kwenye usukani. Baba watoto alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona tabasamu.

Burudani ya njia hii ni majina ya vituo. Mwanangu wa kati, aliyejua kusoma juzijuzi, alijipa kazi ya utangazaji: Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo. Ubungo tukainua vichwa kutazama daraja la Kijazi lililofunguliwa mwaka 2021, magari juu, magari chini, kama mtu amekunja barabara na kuiweka kabatini. Shekilango. Urafiki, jina lililotoka kwenye kiwanda cha nguo tulichojengewa na Wachina enzi za Mwalimu Nyerere. Tip Top. Manzese. Halafu mtangazaji akanyamaza, akasoma tena, akageuka macho yamemtoka.

"Mama! Tumefika Argentina!"

Basi zima likacheka. Mzee wa kofia ya kiua aliyekaa mbele yetu akageuka. "Ndiyo, mjukuu wangu. Na kwenu wapi?"

"Iringa."

"Basi umetoka mbali. Ukifika Kagera ujue umekwenda mbali zaidi." Na kweli kituo kilichofuata ni Kagera. Tangu hapo mzee akawa mwenyeji wetu. Akatuonyesha Mwembechai, Usalama, Magomeni Mapipa, na basi liliposhuka bonde la Jangwani akatueleza habari za mto Msimbazi, mdogo wa kurukwa wakati wa kiangazi, lakini masika ukifura unaifunika barabara na mabasi yanakatisha safari. "Mkija Machi au Aprili ulizeni kwanza hali ya Jangwani," akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza tabia za ndugu mkorofi lakini wa damu. Aliposhuka Kisutu akatuachia agizo: "Msishuke Posta ya Zamani. Endeleeni mpaka mwisho, Kivukoni. Pua zitawaambia."

Pua zilituambia. Milango ilipofunguka ikaingia harufu ya chumvi, samaki wabichi, mafuta ya kukaangia na moshi wa dizeli wa pantoni, vyote ndani ya pumzi moja. Wenyeji wanapaita Feri. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, ule wa Juni unaolifanya joto la Dar livumilike, na ng'ambo ya maji mafupi Kigamboni ilionekana karibu kiasi cha kuhesabu minazi.

Soko la samaki liko hatua chache tu toka kituoni. Vaa viatu visivyoogopa maji, maana sakafu haikauki. Tulisimama kwenye mnada. Dalali alikuwa kijana mwembamba, sauti imemkauka, mbele yake meza ya saruji yenye jodari wanne wanaong'aa kama masufuria mapya. Alitaja bei, akaipandisha, akaipandisha tena. Wanunuzi hawakusema neno. Mmoja alikuna sikio, mwingine aliinua nyusi, na ghafla samaki wakauzwa. Baba watoto, aliyekuwa akijikuna shingo kwa ajili ya joto, aliuteremsha mkono wake haraka.

Pembeni wanaume walikuwa wanapara samaki kwa kasi ya kutisha, magamba yakiruka hewani na kuwaganda kwenye nyusi. Mmoja alimwona kifungua mimba wetu, wa miaka kumi na miwili, ametumbua macho kwenye ndoo. Akatia mkono, akatoa pweza. "Shika, usiogope, ameshakata roho." Akauzungusha mkono mmoja wa pweza kwenye kidole cha mwanangu. Vile vikombe vidogo chini ya mkono vikamnata ngozi, na alipovuta vikaachia kimoja kimoja, tp, tp, tp, kama vifungo vya koti la mvua. Mtoto alipiga ukelele, akacheka, akaomba tena. Mara ya tatu ndugu zake wakawa wamepanga foleni. Nilipotaka kumpa yule kaka chochote akakataa kwa kichwa: "Karibuni Dar, dada. Mtanunua mkirudi."

Tulianza kutembea. Hapa ndipo niliposhukuru tena kwa ajili ya lile gari lililolala Kimara, kwa sababu barabara ya kandokando ya bandari ni ya miguu ya mtoto: unasimama, unarudi, unaokota kokwa la mkungu, unasimama tena. Kushoto meli, kulia miti mikubwa yenye vivuli vya kukalia. Kanisa la Azania Front, lenye mnara wake na vigae vyekundu, linatazama maji tangu enzi za Wajerumani. Mbele kidogo Mtakatifu Yosefu nalo linanyanyua ncha yake. Kote huku, kabla ya makanisa na maofisi, palikuwa na kijiji cha Mzizima, hadi Sultani Majid wa Unguja alipoanza kupajenga mji katika miaka ya 1860 na kuuita bandari ya salama. Kwenye mzunguko wa Samora tulimwona Askari wa shaba, bunduki mbele, aliyewekwa pale mwaka 1927 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa vita kuu ya kwanza. Magari yalikuwa yanamzunguka bila kukoma. "Na yeye anatafuta pa kupaki?" kitinda mimba akauliza. Nilimtazama baba yake. Baba yake alitazama angani.

Tukamnunulia kila mmoja dafu. Muuzaji alikuwa na baiskeli, madafu yamening'inia pande zote kama maziwa ya ng'ombe. Panga mara tatu, kofia ya dafu inaruka, unainamisha kichwa nyuma na shingo yote inalowa. Ukimaliza unamrudishia, anapasua katikati, anakuchongea kijiko kutoka kwenye ganda lilelile, unakomba nyama laini. Kijiko hukioshi wala hukirudishi. Nimeishi miaka mingi nikiamini Iringa tuna kila kitu. Kijiko cha dafu hatuna.

Jua lilipoanza kuuma tulikimbilia Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert, na nikafurahi kwamba mtaa wenye nyumba ya kumbukumbu umepewa jina la mtu wa maneno. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1940. Hapa ndipo nyumbani kwa fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Wanangu walilitazama taya kwa heshima, mkubwa akasema huyu alikula mihogo mingi. Baba yao hakuwapo. Tulimkuta kwenye banda la magari ya kale, yaliyowahi kuwabeba wakubwa wa nchi, Rolls-Royce likiwa mojawapo. Alikuwa amesimama mikono nyuma, kimya.

"Unaona?" akaniambia. "Haya yalipata nafasi mjini."

"Yalipata," nikamjibu, "na hayajaondoka tena."

Mchana tulirudi Feri kuvuka. Mwenye gari anaweza kwenda Kigamboni kwa daraja la Nyerere, lile la Kurasini lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680, akalipa ushuru na kufika bila kulowa. Lakini nani awanyime watoto pantoni? Nauli ni shilingi 200, fedha ambayo hainunui hata chupa ndogo ya maji. Unasubiri kwenye banda kubwa, watu mamia, mtu na kuku wake, mtu na baiskeli yake, mama na beseni la maandazi kichwani lisilotikisika. Geti likifunguliwa, banda zima linateremka kama maji ya mfereji. Shika watoto, shika simu, na usishindane na mama wa maandazi. Atakupita.

Juu, kwenye ngazi za ghorofani, upepo unafuta jasho lote la asubuhi. Safari yenyewe ni ya dakika chache, na siku ile ilirefuka kwa sababu ya meli ya mizigo iliyokuwa inaingia bandarini. Mlango wa bandari hii ni mwembamba, mkubwa akipita mdogo anangoja. Meli ilipita karibu kiasi kwamba baharia mmoja juu kabisa aliwapungia watoto mkono, nao wakaupunga mpaka meli ikawa mgongo. Mwanangu wa kati alitazama upande wa bahari kuu, kusiko na ng'ambo.

"Mama, hili ni kubwa kuliko bwawa la Mtera?"

"Kidogo," nikasema.

Ng'ambo tulizungukwa na madereva wa bajaji. Hapa ndipo mgeni anapimwa. Kijana mmoja alinitajia bei ya kunipeleka nusu ya njia ya Iringa. Nikacheka, naye akacheka, tukajua tumeanza vizuri. Nilipomwambia "kwetu hela hiyo tunanunua gunia la viazi," akanitazama tena.

"Kwenu wapi, mama?"

"Iringa."

"Kamwene!" akanisalimia kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya kusikika mpaka majini. Alizaliwa Mafinga, ana miaka sita Kigamboni, na hajawahi kuzoea joto. Bei ikashuka bila mimi kuongeza neno. Bajaji hubeba watatu nyuma, nasi tulikuwa watano, kwa hiyo akamwita mwenzake, na safari ya Mji Mwema ikawa mashindano. Baba na mkubwa mbele, mimi na wadogo nyuma, kisha sisi mbele, kisha wao, vumbi, vibanda vya chipsi, minazi, milio ya honi kama bata. Watoto walishangilia kila kupitana. Niliomba Mungu kila kupitana.

Ufukweni tulilipa kiingilio kidogo, tukavua viatu. Mchanga ulikuwa mweupe na wa moto, maji yamekupwa na kuacha vidimbwi vyenye kaa wadogo wanaokimbia ubavu. Ngalawa moja ilikuwa imelala kwa upande mmoja, inangoja maji yarudi. Watoto walisimama hatua tatu kutoka ukingoni, wanatazama. Halafu wimbi likawafikia vifundoni, likavuta mchanga chini ya nyayo zao, nao wakapiga kelele kwa pamoja, na sikuwaona tena wakiwa wakavu mpaka saa kumi na moja.

Chakula kilichukua muda wa kuivisha urafiki. Tuliambiwa nusu saa, tukangoja karibu saa mbili. Lakini utamlaumu nani ukiwa kivulini, upepo unavuma, na mpishi anakuja kila mara kukuonyesha samaki alipofikia? Alikuja mzima, amechanjwa ubavuni, amepakwa ndimu, chumvi, pilipili na ukwaju, ngozi imeshika moshi. Tukapewa ugali, chipsi kwa ajili ya wadogo, na kachumbari iliyokatwa nyembamba. Tulikula kwa mikono. Baba watoto alikifyonza kichwa cha samaki mpaka macho, akafuta vidole, akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwa miaka kumi na minne ya ndoa: "Ningekuwa na gari sasa hivi ningekuwa nawaza foleni ya kurudi."

Kurudi Feri tulipanda daladala, ili watoto wasiikose. Konda alining'inia mlangoni akiimba, "Feri-Feri-Feri, kaa-kaa-kaa, nafasi ipo mama, hiyo hapo unaiona!" Nafasi ile niliiona kwa macho ya imani. Kijana mmoja akampakata kitinda mimba wangu bila kuuliza, kama mzigo wa familia. Niliwaeleza watoto kwamba inasemekana jina la daladala lilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano, enzi nauli ilipokuwa hiyo. "Shilingi tano!" mkubwa akashangaa, na konda naye akasikia. "Mdogo wangu, usiwaambie abiria wangu habari hizo."

Pantoni ya jioni ni pantoni nyingine. Watu wamechoka, wanazungumza polepole, na mji ng'ambo unaanza kuwasha taa, ghorofa baada ya ghorofa, kisha taa zote zinashuka majini na kutikisika. Upande wa msikiti fulani adhana ya magharibi ikaanza, mwingine ukaipokea. Hakuna mtu aliyetuambia tunyamaze, lakini hata wanangu walinyamaza.

Pale Feri nilikumbuka deni. Mama mmoja alikuwa na karai kubwa la mafuta yanayochemka, na nilipomwambia ni ada ya shangazi aliyetuwekea gari, aliwarudisha changu aliokuwa ameshawashika, akachagua wengine wawili wapana kama viganja vya fundi. "Shangazi hadanganywi," akasema. Akawageuza, wakalia chwaa, akawafunga kwenye gazeti, akaongeza ndimu mbili na kipande cha ngisi kwa ajili ya mtoto.

Sasa jaribu kupanda mwendokasi wa jioni na changu wawili wa moto. Basi lilijaa, tulisimama, na gazeti likaanza kuvuja mafuta na siri. Tulipofika kituo cha Fire kila mtu alikuwa ameshajua. "Nani huyo anatutesa jamani?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Dada, hao samaki wana nauli?" akauliza mwingine. Nikawaeleza habari za shangazi, na safari yote mpaka Magomeni watu wasiojuana wakawa wanajadili kama changu wawili ni ada ya haki kwa siku nzima ya maegesho. Wengi walisema ni bei nzuri. Mzee mmoja alisema kwa Kimara angedai nguru. Argentina hakuna mtu aliyeitangaza. Mtangazaji wetu alikuwa amelala, kichwa kwenye mkoba wa mwanamke nisiyemjua, naye alikuwa ameacha kupekua simu ili asimwamshe.

Kimara palinukia mishikaki na chipsi mayai. Tuliingia uani kwa shangazi, watoto wawili mgongoni na mmoja akijikokota. Gari lilikuwa palepale. Kuku walikuwa wamelitia alama zao, majani ya mwembe yamejaa kiooni, na juu ya paa paka alikuwa amejikunja, amelala fofofo. Baba watoto aliangalia kazi yake ya alfajiri ilivyoishia, akafungua mdomo, akaufunga.

Shangazi alifungua gazeti, akawapima changu kwa macho, akatikisa kichwa kukubali. Akavunja kichwa cha yule mkubwa na kukiweka chini, kando ya gurudumu. Paka akaamka, akaruka kutoka juu ya paa.

"Mlinzi naye alipwe," akasema shangazi.